Mkono Ndani ya Friza

Walipanga vyumba viwili vya uani kwangu, Cheyo,
Tatsuo wa visima na mkewe Mieko,
watu wa kuvua viatu hata mlango wa jikoni.
Ukimpa Mieko kikombe
anakipokea kwa mikono miwili
kama amepewa mtoto.

Desemba ikaja na mvua zake.
Uyoga ukapangwa mafungu mafungu barabara ya Sikonge,
kumbikumbi wakaivamia taa ya baraza,
ofisi zikafungwa.
Wageni wenzao wakapanda ndege, kila mtu kwao.
Hawa wakabaki. Nikauliza, mbona?
Tatsuo akasema nauli.
Mieko akatazama ndoo.

Mimi nauza barafu za ubuyu, mia mia.
Friza yangu iko varandani,
kifuniko nimekikaza kwa mpira wa baiskeli.
Alasiri moja nikamkuta ameifungua,
mkono umezama hadi kiwikoni
katikati ya vifuko vyangu vyekundu,
kafumba macho.
"We Mieko! Luku hiyo inakwisha!"
Hakushtuka. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchonga,
"Mama Nyanso, humu ndani ni Desemba."

Akanieleza theluji.
Siyo barafu, mama. Haina kelele.
Inashuka usiku kucha wala bati halijui.
Mimi ambaye mvua ya Tabora huniamsha kwa makonde
nikashindwa kuamini
kitu kinachoanguka bila kugonga.

Kesho yake akaniletea elfu mbili ya umeme.
Nikaipokea. Biashara ni biashara.

Tarehe thelathini na moja wakaja kuazima kinu.
Tunatwanga mochi, wakasema.
Nikacheka hadi kanga ikanidondoka:
mchi ninao, hiyo "o" mmeitoa wapi?
Mchele ulitoka kwao kwa kifurushi,
mfupi, mweupe kama meno ya kwanza,
haukutosha, wakauongezea wa Nzega.
Tatsuo anapiga, Mieko anageuza kwa kiganja,
mchi ukipanda, mkono unaingia,
mchi ukishuka, mkono haupo,
na mimi roho iko kooni
maana nimetwanga miaka arobaini
na sijaona mchi wenye huruma.
Wakanipokeza. Nikatwanga.
Mchele wa Nzega ukagoma:
nusu ikawa gundi, nusu ikabaki punje,
watu wazima wasiokubali kupondwa.
Tukala hivyo hivyo, kwa asali.

Saa sita usiku masufuria yakagongwa mtaa mzima,
treni ya mizigo ikapiga honi stesheni, ndefu,
nikavuka ua na doti mpya mkononi:
Heri ya mwaka mpya!
Mieko akainamisha kichwa.
Hakujibu. Hakunyoosha hata mkono mmoja.
Nikarudi na doti yangu
nimevimba kama andazi.

Asubuhi akaja Tatsuo, peku, viatu kavishika.
Mama yake Mieko, akasema. Oktoba.
Kwao aliyefiwa
mwaka huo hatoi heri wala hapokei.
Na nauli?
Nauli ipo, mama.
Asiyekuwepo ni wa kumfungulia mlango.

Oktoba!
Nami nilikuwa hapo hapo uani,
nachambua ubuyu, nasikiliza redio.
Msiba umeshuka nyumbani kwangu usiku kucha
na bati halikujua.

Kwetu angelia barabara nzima isikie,
tungekuja na kuni, na mikeka, na maneno.
Maneno nilikuwa nayo. Nikayaacha ndani.

Nikaivuta stuli ya pili hadi kwenye friza,
nikafungua ule mpira,
nikamwambia mtoto wa jirani leo siuzi.
Mieko akaja akakaa.
Akatia mkono. Nikatia wangu.
Hatukusema kitu. Vidole vikafa ganzi,
vyake, vyangu, sikujua tena kipi cha nani.
Ndani, ukutani, luku ikaanza kulia, ti, ti, ti,
nami ninayekimbilia vocha kabla haijafika kumi
nikaiacha ilie.